Sauti ya Mama Hillary

Al-Safa, Jeddah
Ijumaa, 13 Juni 2025

Kwako Mwikali, Mama Dominic,

Pokea salamu zangu zote, hata zile nilizokuwa nimewawekea wengine. Mimi ni mzima, ni magoti tu yananikumbusha kwamba nyumba hii ina ngazi thelathini na mbili. Ukiona barua inanukia iliki usishangae. Nimeificha kwenye pakiti ya kahawa ambayo Protus dereva anampelekea bosi wako, dadake madam, huko Riyadh. Madam bado anafungia simu zetu kwenye droo, anatupa Ijumaa tu, masaa mawili, na hayo yote yanaishia kwa watoto na maombi ya ushirika. Kwa hiyo utanisoma kwa karatasi, na mwandiko wa darasa la nane utauvumilia.

Umekaa? Kaa chini.

Hillary amefika Urusi! Hillary wangu, yule uliyekuwa unampelekea githeri hapo kwenu Sulimaniyah akiosha vikombe vya kahawa vya watu. Mkataba wake uliisha, kafili, yule mwajiri wake, akamwachia vizuri bila maneno, na yeye badala ya kurudi Webuye kuhesabu kuku wa nyanya yake akaunganisha safari. Ni dereva sasa. Dereva, Mwikali! Kampuni imempa nyumba, chakula, na sare. Nimeona picha, nimekurushia kwenye simu leo: sare ya kijani, buti mpaka hapa, amenenepa mashavu, anacheka kama siku ile alipopita darasa la nane akiwa wa tatu. Wa tatu katika watoto themanini na moja, sijui kama nilikwambia. Nilikwambia.

Aliyempeleka ni wakala mmoja, Paul, yuko huko kwenu Riyadh, Batha, juu ya duka la mabegi. Kijana mpole, anaita kila mama "mama". Aliniomba nimwekee sauti kidogo ya kutuma kwenye magrupu ya Wakenya, dakika moja tu, watu wajue mimi ni mama halisi na mtoto amefika. Dakika moja? Mimi? Niliongea dakika nne. Nikasema: "Mimi ni Mama Hillary wa Webuye, niko Jeddah mwaka wa sita. Mwanangu alikuwa anaosha vikombe, leo ni dereva Ulaya. Mama wenzangu, msiwakalie watoto kama mayai. Waachilieni waende!" Ijumaa hiyo kwenye ushirika wale wadada wa Kisii walikosa hata la kuombea.

Sasa nakuambia wewe kabla ya wengine: Paul ana nafasi kumi. Dominic ana cheti cha umekanika, anakaa Emali akitengeneza pikipiki za watu wasiosema hata asante. Mtume. Tutakuwa mama wa Ulaya wawili, kama tulivyolala kitanda kimoja pale kwa wakala Nairobi, wewe juu mimi chini, ukinidondoshea makombo.

Ni mimi wako,
Damaris, Mama Hillary


Riyadh
Ijumaa, 27 Juni 2025

Mama Hillary wa Ulaya,

Barua yako imenifikia, na kahawa imefika ikiwa imefunguliwa, kwa hiyo hapa nimeulizwa maswali. Siku nyingine ificha kwenye sabuni.

Sauti yako sikuhitaji kutafutiwa. Niliisikia Batha nikiwa kwenye foleni ya kutuma pesa, dada mmoja ameifungulia simu yake mpaka mwisho, foleni nzima inasikiliza. Nilicheka peke yangu. Nikasema huyu namjua, huyu hata akiambiwa achemshe maji atawatangazia majirani. Nilipompigia Dominic nimwambie, kumbe ameshaisikia Emali kabla yangu. Ameisikiliza mpaka ameishika kichwani. Ananiambia, "Mum, Mama Hillary amesema mtuachilie."

Damaris, mimi nimefurahi, Mungu ajua. Hillary nimemlisha, ni wangu pia. Lakini picha yake uliyonitumia nimeitazama mara nyingi. Kaka yangu alikuwa jeshini miaka kumi na minane. Dereva wa kampuni anafungwa utepe mwekundu kwenye mkono, wa nini? Na hao wenzake nyuma, mbona wamesimama vile?

Labda ni macho yangu. Nimezoea kuona moshi hata pasi ikiwa baridi. Lakini Dominic ni mmoja, sina mwingine. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Ijumaa moja, usiwape ushirika, usimpe mtu, mpigie Hillary. Umsikie kwa mdomo wake. Muulize anaendesha gari gani na anabeba nini. Ukiniambia umeongea naye na amekujibu, mimi naachilia. Sitaki neno la Paul. Nataka lako.

Mwikali


Al-Safa, Jeddah
Ijumaa, 11 Julai 2025

Mwikali mwenye macho makali,

Nimeongea naye. Ijumaa iliyopita, saa tisa za mchana, nikiwa hapa kwenye chumba cha kufulia. Anaendesha lori, jipya, la magurudumu kumi, lina hita na redio. Anabeba viazi. Viazi na kabichi, na wakati mwingine vitunguu, anatoa shambani anapeleka mjini. Amesema viazi vya huko ni vikubwa kama kichwa cha mtoto. Ule utepe ni wa kampuni, wa kutambulika kwenye theluji. Hakukaa sana kwenye simu kwa sababu mtandao wa huko unakatika, lakini amekusalimia, amesema githeri yako haijapata mwenzake.

Kwa hiyo halas, yameisha, umepata jibu lako. Dominic aende.

Huku ni joto tu. Mzee, babake madam, bado mkono wa kushoto haujarudi tangu kiharusi, nami ndiye namlisha, na hakubali mwingine. Juzi madam mwenyewe alijaribu akamtemea uji. Uji wangu hatemi. Siku hizi anapenda nikae naye aangalie sinema zake za vita vya zamani, mimi nikikunja nguo. Kiarabu chake cha maelezo nashika nusu. Juzi ilikuwa ya Waitaliano. Jeshi lao limevunjika, wakubwa wao wamekimbia, Wajerumani wakawauliza nani bado anataka kupigana. Na vijana wakatoka mbele! Wakavua sare yao, wakavaa ya Mjerumani, wakaapa kiapo cha Mjerumani kwa lugha ambayo hata hawaijui. Eti wamejitolea. Halafu wakaonyesha mama mmoja wa Kiitaliano, mzee sana, ameshika picha ya mwanawe akiwa na sare hiyo ya watu. Mwanzo mtaa wote ulikuwa unakuja kuitazama, anasema, na aliwapikia wote.

Nilicheka mpaka mzee akanitazama. Nikasema, Baba, mtu ana nchi yake, ana bendera yake, anaenda kufia bendera ya jirani! Mama yake alikuwa wapi?

Mzee hakucheka. Alinionyesha kwa mkono ule mzima, nyamaza, tazama.

Wiki hii nimesahau chumvi kwenye wali mara mbili. Uzee.

Wako,
Damaris


Riyadh
Jumanne, 29 Julai 2025

Damaris,

Simu yako imezimwa tangu Ijumaa, najua iko kwenye droo. Protus anaondoka hapa leo alasiri, nimemwambia asisimame popote.

Jana imeingia picha ya karatasi kwenye simu yangu, namba siijui. Imeandikwa kwa mkono. Ni ya Hillary. Ameituma kwangu kwa sababu anajua simu yako haishikiki. Nimeinakili yote hapa chini, sijaongeza, sijapunguza. Isome ukiwa umekaa. Sio kama ulivyoniambia nikae ile siku. Kaa kweli.

*Mama,*

*Naandika kwa haraka. Simu walituchukulia wiki ya kwanza. Kuna kijana ana moja ameificha ndani ya kiatu, atapiga picha karatasi hii tukipanda kilima penye mtandao. Namtumia Anti Mwikali.*

*Mama, siendeshi gari. Tulipofika tulipelekwa ukumbini, tukapewa karatasi za Kirusi, mtu wa Paul akasema ni za leseni. Tukatia sahihi. Kesho yake tukanyolewa. Tumefundishwa bunduki siku kumi na mbili. Picha ile walitupanga wakatuambia tucheke. Hapa kuna mkalimani, nilimwomba anisomee karatasi yangu. Anasema imeandikwa nimejitolea. Neno lenyewe hilo, nimejitolea kwa hiari yangu kuingia jeshini. Nilimwambia mimi nilijitolea kuendesha lori. Alikunja karatasi.*

*Jackton wa Siaya alikuwa kitanda cha pembeni. Hayupo. Wamechukua mkoba wake wamempa mwingine.*

*Juzi wameleta vijana saba kutoka kwetu. Mmoja aliposikia jina langu akauliza, "Ni wewe Hillary wa Mama Hillary?" Akafurahi kabisa, kama amekutana na mtu wa redio. Akaanza kukuigiza mbele ya wote, neno kwa neno, mpaka pale unaposema waachilieni waende. Wote saba wanaijua. Nilimwonyesha tu mahali pa kulala.*

*Sina hasira na wewe. Najua unavyoongea ukifurahi. Lakini ile sauti itoe. Tafadhali itoe.*

*Hillary*

Hiyo ndiyo barua ya mwanao.

Sasa yangu. Dominic anaruka Alhamisi, keshokutwa, saa kumi jioni. Nimempigia, nimelia, nimemsomea karatasi hii. Anasema ni uongo wa watu wenye wivu. Anasema Hillary anaendesha lori la viazi, Mama Hillary ameongea naye mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo, Damaris. Nilimsomea barua yako nikiwa nacheka.

Simu zilichukuliwa wiki ya kwanza. Uliongea naye Ijumaa gani?

Hanisikilizi mimi. Anakusikiliza wewe. Ukingoja Ijumaa atakuwa ameshapanda.

Mwikali


Al-Safa, Jeddah
Alhamisi, 31 Julai 2025

Mwikali,

Hakuna Ijumaa. Sikuongea naye. Wakati ule nilikuwa nimepiga Ijumaa tatu, simu haiingii. Paul akaniambia wako mafunzoni, simu zimekatazwa, nisiwe mama wa kuaibisha mtoto kazini. Nikaamini. Halafu barua yako ikaja, "nataka lako." Nikaona nikikuandikia kwamba mwanangu hapatikani, wewe na foleni yote ya Batha mtasema kumbe. Viazi nilivitoa kichwani, vilikuwa kwenye sinki mbele yangu nikivimenya. Na salamu za githeri. Yote.

Protus alinipa barua jana saa tano asubuhi, langoni, nikiwa na aproni. Niliisoma nimesimama, sikukaa. Sikulia. Sijui kilichonipata, nilikuwa naona tu vitu vidogo, kitasa cha lango, sisimizi wamepanga mstari. Nikaingia sebuleni. Madam alikuwa na dada zake. Nikaketi kwenye kochi la wageni, lile jeupe. Miaka sita nalipangusa, sijawahi hata kuliwekea mkono. Nikakaa hapo na maganda ya vitunguu kifuani, nikasema, "Madam, simu." Akasema, "Leo ni Jumatano." Nikasema, "Simu." Nikawa siongezi kitu. Mimi, Mwikali! Sina maneno! Nadhani hilo ndilo lilimtisha. Alileta ufunguo mwenyewe.

Nilimpigia Paul kwanza. Hakukana hata. Aliniita mama kama kawaida. Akasema, "Mama, tulia. Ukitulia, nina mtu huko, Hillary atahamishiwa jikoni. Ukipiga kelele kwenye magrupu, hiyo namba yake ya jeshi naijua, atapelekwa mstari wa mbele. Chagua wewe."

Nilikaa kwenye chumba cha kufulia, mashine inazunguka. Nikafikiria jikoni. Hillary anajua kupika, nimemfundisha mwenyewe, chapati zake ni za duara kabisa. Nilimwona na mwiko. Nilitaka hiyo jikoni, nisikufiche. Niliitaka kwa muda mrefu, mashine ilimaliza mzunguko mzima.

Lakini wako saba pale wameletwa na mdomo wangu, na Dominic awe wa nane. Na huyo wa nane ndiye angefika aanze kumwigizia mwanangu mama yake.

Nilirekodi mara tano. Mara ya kwanza, Mungu anisamehe, sauti ilitoka ile ile, tamu, ya kujisifu, kama inajua njia yake. Nikaifuta. Ya pili nikalia, nikafuta, maana wangesema ni mama amechanganyikiwa. Ya tano ndiyo nimetuma. Imeenda kwenye magrupu yote niliyo nayo, kwa ushirika, kwa Dominic mwenyewe, na nimeituma pia kwa namba ya Hillary, ingawa ni alama moja tu ya kijivu, haijafika.

Nimesema hivi: "Mimi ni Mama Hillary wa Webuye, niko Jeddah mwaka wa sita. Ile sauti mliyosikia ni yangu. Hii pia ni yangu. Mwanangu sio dereva. Mwanangu yuko vitani, amevishwa sare ya watu, na karatasi inasema amejitolea. Niliwaambia muwaachilie watoto. Nilisema kitu nisichokijua. Nilisema pia nimeongea naye, sikuongea naye. Dominic wa Emali, kama unanisikia, mama yako hakusema uongo. Mimi ndiye nilisema. Toka kwenye hiyo foleni. Mwenye mtoto aliye foleni, mpigie sasa hivi, umsikilizishe. Nimemaliza."

Haifiki dakika moja.

Nilimrudishia madam simu, nikarudi kwenye vitunguu. Leo ni Alhamisi, ni saa kumi na nusu. Sijui kama amepanda. Wewe unajua na mimi sijui, na hiyo ni haki yako.

Mzee ameniuliza kwa nini siongei. Nilimwambia, Baba, unakumbuka nilivyouliza yule mama alikuwa wapi? Alikuwa hapa Al-Safa. Alikuwa anawapikia majirani.

Damaris


Riyadh
Jumanne, 12 Agosti 2025

Damaris,

Hakupanda.

Walikuwa tisa kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Ile uliyomtumia hakuifungua; aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyepigiwa na mamake, akaiweka sauti nje, wote wakasikia. Dominic anasema alipokusikia hakukujua mara moja, jinsi ulivyosema polepole. Wanne walitoka kwenye foleni. Mtu wa Paul aliwafuata mpaka nje akiwatukana na kudai pasipoti. Watano walipanda. Walisikia, na wakapanda.

Yuko Emali. Tangu anisimulie hayo haniongeleshi. Amerudi kwa pikipiki zake, alisema nimemwaibisha mbele ya watu. Na aniaibishe, niko tayari, kila siku.

Sauti yako nimeisikia tena Batha. Juu ya duka la mabegi pamefungwa, wamebandika karatasi ya ofisi kupangishwa.

Nakushukuru kwa mtoto wangu. Naliandika hili kwa mkono wangu ulione. Lakini ulinitumia viazi, Damaris. Nilikuomba neno lako moja na ukanitumia viazi. Nikifikiria mtoto wangu angekufa kwa viazi vyako, naizima pasi. Usinipigie kwa sasa. Nikiweza, nitakutafuta mimi.

Hillary namwombea kila asubuhi, kabla sijamwombea Dominic. Kutoka kwake hakuna kitu. Ile namba ya kijana wa kiatu haiingii tena.

Mwikali


Al-Safa, Jeddah
Jumatano, 27 Agosti 2025

Mwikali,

Umesema nisikupigie, sijakupigia. Kuandika hukunikataza, na kama nimekosea, mpe Protus airudishe.

Sikuombi chochote. Kuna jambo sina wa kumwambia. Ushirika sasa wananiombea kwa sauti ya chini, kama mgonjwa, na mimi nilizoea kuwa yule anayeombwa aongoze wimbo.

Wiki mbili zilizopita dada mwingine wa madam, wa hapa Jeddah, alikuja na Stacy, msichana wake wa kazi kutoka Eldoret. Stacy alikuwa na sauti yangu ya pili kwenye simu. Madam akamwambia amtafsirie. Mimi nilikuwa jikoni, nilisikia sauti yangu, halafu Kiarabu cha Stacy. Kesho yake asubuhi nilikuta simu yangu mezani, kando ya vitunguu, na chaja yake. Haijarudi kwenye droo tangu siku hiyo. Ninayo mfukoni mwa aproni saa zote, hata nikimwogesha mzee.

Jumatano iliyopita, saa nne na dakika kumi na moja asubuhi, alama ya ile sauti niliyomtumia Hillary iligeuka. Ilikuwa alama moja ya kijivu siku ishirini na moja. Zikawa mbili. Kabla sijaweka chini sahani niliyoshika zikawa za buluu, na ile alama ya kuonyesha imesikilizwa ikawa ya buluu pia.

Nilipiga hapo hapo. Haikuingia. Nikaandika, "Hillary?" Hiyo imebaki alama moja mpaka leo.

Basi ameisikia. Ama kuna mtu ameshika simu yake, amekaa mahali, amesikiliza mama asiyemjua akiongea lugha asiyoijua. Nimeigeuza hii huku na huku. Asubuhi naamini ni yeye. Nikifika kwenye vyombo vya mchana siamini tena.

Mzee hataki sinema za vita siku hizi. Anaweka za samaki, na ananiacha nikae tu, bila nguo za kukunja.

Mwikali, miaka sita nimeilaani ile droo. Lakini wakati wa droo nilikuwa na Ijumaa yangu, na ukimya wa siku zile nyingine ulikuwa wa madam, ni yeye aliyeufunga kwa ufunguo. Sasa simu ninayo siku zote saba, na ukimya wote ni wa Hillary.

Mwambie Dominic sijakasirika kwamba hakuijua sauti yangu.

Damaris